Kununua Ruta: Tazama Waya Kwanza

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno yaliyosemwa yamepigwa chapa hapa ili mwanafunzi ayafuate kwa macho huku akisikiliza.

Asiye na karatasi ya somo na asogee karibu na mwenziwe. Nawe mwalimu wa darasa, kama hapo nje pana kelele, tafadhali funga mlango, maana leo tuna maneno mapya, nami nitayasema polepole.

Leo nataka tuzungumze habari za chombo kidogo ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi za mijini. Jina lake ni ruta. Ruta ndiyo inayotawanya intaneti ndani ya nyumba bila waya, hata simu iliyo chumbani na kompyuta iliyo ukumbini zote zikaipata. Nitasema hasa habari za nyumba ambazo intaneti huingia kwa waya wa kebo, yaani waya uleule unaoleta televisheni. Wenye intaneti ya namna nyingine nao wasikilize, kwa kuwa mengi yatawafaa. Ila tutakapofika kwenye mambo ya waya, wajue kwamba wao wana waya mwingine.

Ninaye shangazi yangu Mombasa. Amenipa ruhusa nisimulie kisa chake, lakini amenionya nisimtaje jina, nami namwogopa. Anakaa katika nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, yenye kuta nene na boriti juu. Nyumba hiyo ilikuwa na kebo ya televisheni, kisha watu wa kebo wakamwambia kwamba waya ule waweza kuleta intaneti pia. Akakubali kwa ajili ya watu wawili. Mjukuu wake anasoma chuo, na masomo mengine huyapata kwa kompyuta. Binti yake hushona nguo za harusi, na wateja humletea vipimo na picha kwa simu. Watu wa kebo wakaja, wakaweka kisanduku ukumbini, wakaenda zao.

Ukumbini intaneti ilikuwa nzuri. Chumba cha nyuma, ambamo binti hushona na mjukuu husoma, ilikuwa ikifika na kupotea. Siku moja mjukuu alijifungia humo afanye mtihani. Katikati ya mtihani intaneti ikakatika, akapoteza alama. Shangazi akasema hili sasa ni jambo la kutolewa fedha. Zamu yake ya mchezo ilipofika akazichukua fedha zile, akaenda dukani, akasema: "Nipe ruta nzuri." Muuzaji hakumwuliza intaneti yake yaingia kwa waya gani, wala nyumba yake ikoje. Akampa kisanduku chenye picha ya antena nne.

Nilipokwenda kumwamkia niliikuta ruta ile juu ya kabati, imetandikiwa kitambaa cha kufuma.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeliona pambo langu? Humu nyumbani hamna pambo ghali kuliko hilo."

Nikaishusha, nikaigeuza. Nyuma palikuwa na matundu manne yanayofanana, ya kupelekea intaneti kwenye kompyuta. Tundu la kuingizia intaneti lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa dogo, la waya wa simu ya mezani. Ruta ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoletewa intaneti kwa waya wa simu. Haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa ya nyumba nyingine. Na duka lilikataa kuipokea, kwa sababu kisanduku kilikwisha funguliwa.

Basi tuanze na waya.

Waya wa kebo una unene kama wa penseli. Ukiukata utaona katikati ujiti mmoja wenye rangi ya shaba, umezungukwa na plastiki nyeupe, kisha wavu wa nyuzi nyembamba za madini, kisha gamba la nje. Wavu huo kazi yake ni kuzuia mawimbi ya nje yasiingie. Mwisho wa waya pana kichwa cha chuma kinachokazwa kwa kuzungushwa, kama nati, na katikati yake ule ujiti umechomoza. Ukiona kichwa hicho, hiyo ndiyo kebo.

Waya huu haukubuniwa kwa ajili ya intaneti. Mwaka 1948 huko Marekani, katika majimbo ya Pennsylvania na Oregon, palikuwa na watu waliokaa mbali au nyuma ya milima, televisheni isiwafikie vizuri. Wakasimamisha antena mahali pa juu, wakavuta waya mpaka majumbani. Nyumba nyingi zikashiriki antena moja. Miaka mingi baadaye watu wakaona kwamba waya wenye nafasi ya stesheni nyingi waweza pia kubeba habari za kompyuta. Mwaka 1997 ikatolewa kanuni ya kazi hiyo, jina lake DOCSIS, ili chombo cha kiwanda kimoja kipatane na mitambo ya kiwanda kingine. Kanuni hiyo iliongezwa nguvu mara kadhaa, ya 3.0 ilitoka mwaka 2006, na ya 3.1 mwaka 2013. Hapa kwetu, baadhi ya nyumba za Nairobi na Mombasa ziliingiziwa intaneti kwa njia hii ya kebo.

Likumbukeni lile neno "zikashiriki". Nitalirudia.

Sasa shikeni maneno mawili: modemu na ruta. Mwalimu, yaandike ubaoni, moja huku na moja huku.

Modemu ni mkalimani. Mawimbi yanayokuja kwa waya wa kebo yana lugha yao, na kompyuta ina lugha yake. Modemu husimama katikati, ikafasiri huku na huku.

Ruta ni kama bawabu wa nyumba yenye wapangaji wengi. Nyumba ina anwani moja tu, na barua zote huja kwa anwani hiyo. Bawabu huwapa wapangaji namba za vyumba, hukumbuka nani alimwandikia nani, na majibu yakija humpelekea kila mtu yaliyo yake. Akibisha mgeni ambaye hakuitwa na yeyote ndani, bawabu hamfungulii.

Nangoja kidogo ili msome tena habari za mkalimani na bawabu.

Haya. Pengine mkalimani na bawabu hukaa katika visanduku viwili. Pengine wamo wote ndani ya kisanduku kimoja, na hapo ndipo wengi hupotea. Ukirudi nyumbani, geuza kisanduku ulicholetewa na watu wa kebo. Kama kina kichwa cha kebo na tundu moja tu la waya wa kompyuta, wala hakitoi jina la Wi-Fi katika simu yako, basi huyo ni mkalimani peke yake, nawe wahitaji ruta. Lakini kama kina kichwa cha kebo, na matundu kadhaa, na Wi-Fi yake, basi ruta unayo tayari. Ukinunua ya pili na kuichomeka tu, utakuwa na mabawabu wawili, mmoja nyuma ya mwingine. Mambo mengi yataendelea, lakini mengine yatatatizika, kwa mfano kamera ya mlangoni unayotaka kuitazama ukiwa safarini. Hapo waombe watu wa kebo wakigeuze kisanduku chao kiwe daraja, maana yake kibaki na kazi ya ukalimani tu, na ubawabu ufanywe na ruta yako. Na modemu usijinunulie bila kuwauliza kwanza, kwa kuwa kampuni ya kebo hukubali modemu zile inazozijua.

Sasa hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo fedha zinapookoka au kupotea.

Kabla hujaenda dukani, jua kosa liko wapi. Azima kompyuta yenye tundu la waya, uichomeke moja kwa moja katika kisanduku cha kebo kwa waya, usitumie Wi-Fi. Kisha pima kasi. Ziko programu za bure za kazi hiyo. Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Tazama hati yako ya malipo uone unalipia ngapi. Tuseme walipia 50, na kipimo kimeonyesha 46. Basi waya wako hauna ugonjwa. Kosa liko ndani ya nyumba, na ruta yaweza kuwa dawa. Lakini kipimo kikionyesha 8 na hali umechomeka waya, ruta yoyote duniani haitakusaidia. Utakuwa kama mtu anayenunua ndoo kubwa zaidi na bomba linatoa matone. Kaza kwanza vichwa vya kebo kwa vidole, maana mara nyingi vimelegea. Tazama kama waya haukugawanywa mara nyingi mno kwa ajili ya televisheni za vyumbani, kwa kuwa kila mgawanyo hupunguza nguvu. Kisha waite watu wa kebo.

Na kipimo kifanywe mara mbili: mara moja asubuhi, na mara moja saa mbili au saa tatu za usiku. Kwa nini usiku? Ndilo lile neno la kushiriki. Waya wa kebo unaoingia kwako huungana mtaani na waya wa majirani zako, na nafasi iliyomo ni yenu nyote. Saa tatu za usiku kila mtu amekaa kutazama filamu. Kama asubuhi wapata 46 na usiku 12, tena kwa waya, basi msongamano uko mtaani. Ruta haina kosa lolote, ya zamani wala mpya. Mimi naona ni wajibu wa muuzaji kumwuliza mnunuzi habari hizi, lakini mpaka leo sijakutana na muuzaji anayeziuliza.

Haya, tuseme umepima, na kweli ruta yahitajika. Umefika dukani. Kisanduku kimeandikwa kwa herufi kubwa: AC1200. Mtu hudhani 1200 ndiyo kasi atakayoipata. Sivyo. Ruta ya namna hiyo hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Kwa kawaida ya kwanza huhesabiwa 300, na ya pili 867. Wakajumlisha, wakapata 1167, wakaona haipendezi, wakaandika 1200. Lakini simu yako hushika wimbi moja kwa wakati mmoja, na hata hilo hulipata pungufu sana. Ni kama mwenye punda wawili, mmoja aenda kilomita 4 kwa saa na wa pili kilomita 6, naye akajisifu kwamba husafiri kilomita 10 kwa saa.

Iko hesabu nyingine, imeandikwa kwa herufi ndogo, nayo ndiyo ya kutazamwa zaidi. Ni ya matundu ya waya. Kama imeandikwa 10/100, tundu hilo halipitishi zaidi ya megabiti 100. Kama imeandikwa 10/100/1000, au gigabiti, lapitisha hata 1000. Ruta nyingine za AC1200 zina matundu ya 100 tu. Mwenye kulipia 200 akinunua ruta hiyo, kila mwezi hulipia 100 zinazobaki nje ya mlango. Mwenye kulipia 50 yamtosha kabisa, wala asiongezwe bei kwa jambo asilolihitaji.

Utaona pia maneno Wi-Fi 5, Wi-Fi 6 na Wi-Fi 7. Hivyo ni vizazi. Kanuni ya Wi-Fi 5 ilitolewa mwaka 2013, ya Wi-Fi 6 mwaka 2021, na vyombo vya Wi-Fi 7 vilianza kupewa vyeti mwaka 2024. Wi-Fi 6 yafaa nyumba yenye simu nyingi zinazosema kwa pamoja. Ya saba sioni haja uilipie ikiwa simu zenu hazina uwezo huo, kwa kuwa ruta mpya haiwezi kuipa simu ya zamani nguvu isizokuwa nazo.

Na antena je? Nne, sita, nane? Hapa turudi kwenye nyumba ya shangazi.

Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12 na nusu. La gigahezi 5 ni fupi, kama sentimita 6. Lile refu hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini lina msongamano, maana majirani wote wamo, na hata jiko la maikrowevu huliingilia. Lile fupi lina kasi, ila huchoka upesi ukutani. Ukuta wa mbao si kitu. Ukuta wa matofali hupunguza. Lakini ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye unene wa nusu mita, humeza karibu yote. Bati, tangi la maji na kioo kikubwa cha kujitazamia navyo ni maadui.

Mtu atasema: nitanunua ruta yenye nguvu itoboe ukuta. Kwanza, sheria za nchi huweka kipimo cha nguvu ambacho ruta isikipite. Pili, ruta ikisema, simu yapaswa kujibu. Ruta ikipiga kelele mpaka chumba cha nyuma, simu iliyo kule hunong'ona tu kwa sauti yake ndogo, na mnong'ono huo haurudi ukumbini. Ndiyo sababu unaweza kuona alama ya Wi-Fi imejaa katika simu na ukurasa haufunguki.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta antena, hamisha ruta. Iweke katikati ya nyumba, juu kidogo, mahali wazi. Wengi huificha nyuma ya televisheni au ndani ya kabati kwa kuwa haipendezi macho. Nyumba ya vyumba viwili vitatu vya matofali huponywa na hilo tu. Nyumba ndefu, au ya ghorofa, au ya kuta nene, yataka kituo cha pili cha Wi-Fi katika sehemu isiyofikiwa, na kituo hicho kiunganishwe na ruta kwa waya. Viko vituo vinavyoungana bila waya. Ni rahisi kuviweka, lakini ukuta unaoizuia simu huvizuia navyo.

Mambo mawili madogo. Ukiwasha ruta mpya, badilisha neno la siri la Wi-Fi, na lile la kuingilia katika mipango ya ruta yenyewe, kisha chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. La pili ni la watu wa kebo hasa. Modemu nyingi za kebo hukumbuka chombo cha kwanza kilichochomekwa, zikakataa kingine. Ukiweka ruta mpya, au ukichomeka kompyuta ili upime, na intaneti isije, usirudi dukani kwa hasira. Zima modemu, ngoja dakika chache, iwashe tena yenyewe kwanza, halafu chombo kipya. Wengi wamerudisha ruta nzima kwa kutojua jambo hili.

Sasa nimalizie kisa cha shangazi. Tulipima kwa waya ukumbini. Alikuwa akilipia 50. Asubuhi tukapata 47, usiku 41. Waya ulikuwa mzima. Kisanduku cha kebo tulikigeuza tukakuta kina bawabu ndani yake. Kwa hiyo ruta ya pili haikuhitajika hata kidogo. Kilichohitajika ni kituo cha pili nyuma ya ule ukuta.

Nikamwomba pambo lake. Nikaingia katika mipango yake, nikaizuia isiwape wapangaji namba za vyumba, ili bawabu abaki mmoja. Nikaipa namba yake yenyewe isigongane na ya kisanduku cha kebo, na jina la Wi-Fi lilelile na neno la siri lilelile. Kisha mjukuu na mimi tukanunua waya wa mtandao wa mita 20. Tukaupitisha juu ya mlango, tukaufuatisha boriti mpaka chumba cha nyuma, tukauchomeka katika mojawapo ya yale matundu manne yanayofanana. Matundu hayo yalikuwa ya megabiti 100. Kwa mwenye 50 yalizidi. Lile tundu la simu liko tupu hata leo.

Jioni ile binti alipokea picha za mteja wake akiwa mbele ya cherehani. Mjukuu alifungua somo lake mezani pake, mlango umefungwa. Shangazi alisimama akatazama kabati.

"Na kitambaa changu je? Sasa nitakiwekea nini juu yake?"

Kazi ya nyumbani ni hii. Chora ramani ya nyumba yako katika daftari. Andika waya wa intaneti unaingia wapi, ukuta upi ni wa mawe na upi wa mbao, na nani hutumia intaneti chumba gani. Chini yake andika hesabu tatu: kasi unayolipia, kasi ya asubuhi kwa waya, na kasi ya usiku kwa waya. Asiye na intaneti nyumbani na achore nyumba ya jirani, kwa ruhusa yake. Mwalimu atazitazama ramani hizo kabla ya somo lijalo, ambalo litakuwa la kusoma hati ya malipo ya intaneti, pamoja na yale maneno madogo yaliyo chini kabisa ya ukurasa.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji.